Mahali Roho Ilipotokea

"Huyu binti alikufa amelala chali," Daktari Peralta alisema kwenye simu, "tena alilala hivyo hivyo muda mrefu kabla mtu hajamgusa."

Mpelelezi Herminia Quiroz alikuwa amesimama kwenye kona ya soko la Santa Prisca, mahali pekee kijijini ambapo simu ilishika mtandao. Sikio moja lilikuwa kwenye simu na la pili alikuwa ameliziba kwa kidole, maana nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa akibishana na mnunuzi juu ya batamzinga. Ukungu wa mlimani ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa, na mnara wa kanisa ulikuwa umekatika nusu.

"Mgambo walimkuta kifudifudi," Herminia alisema.

"Nimesoma. Lakini damu ya maiti haisomi taarifa ya mgambo. Mtu akishakufa damu yake hushuka upande wa chini, ikaganda huko. Ya huyu imeshuka mgongoni. Halafu rangi yake siipendi. Nyekundu inayong'aa, na mashavu kama ya msichana aliyetoka kucheza ngoma. Nisikudanganye, baridi ya bondeni nayo huweza kufanya hivyo. Majibu ya maabara ni wiki ijayo."

"Wiki ijayo mwenzake atakuwa gerezani."

"Hilo lako, Herminia. Langu ni maiti." Daktari akakohoa. "Kitu kingine. Viatu. Nimeshindwa kufungua kamba zake, nikazikata. Fundo nimelibakiza, nakutumia picha."

Picha ilifika kipande kwa kipande. Buti la kutembelea milimani, kuukuu, na kamba iliyozungushwa mara mbili kwa chini, ikarudi juu kwa kitanzi, ikabanwa kikiki. Herminia aliitazama mpaka kioo cha simu kikazimika.

Msaidizi wake, Tacho, alikuwa ameegemea gari akila mkate. Alikuwa mtoto wa mjini, na tangu jana alikuwa akiilalamikia baridi kama vile Herminia ndiye aliyeileta.

"Mkuu, kesi hii imeshapikwa, bado kupakuliwa tu," alisema. "Wasichana wawili wametoka Puebla na mizigo mgongoni, hawana mbele wala nyuma. Jumapili jioni wamegombana, kijiji kizima kimesikia. Don Abundio wa nyumba ya wageni amesaini kwamba aliwaona wakiingia kwenye ukungu wote wawili, wakielekea kwenye korongo, na aliyerudi ni mmoja. Jumanne asubuhi Dalia Montiel anaokotwa chini ya korongo. Tunatafuta nini tena? Kikulacho ki nguoni mwako."

"Natafuta aliyemfunga viatu."

"Si alijifunga mwenyewe?"

Herminia alitazama saa yake. Adhuhuri gari la mahakama lingefika kumchukua Rebeca Islas, yule msichana aliyerudi, na akishapanda gari lile kumshusha ingekuwa kazi ya miaka. Majaji wa mjini walipenda kesi zilizokwishapikwa kuliko hata Tacho alivyozipenda.

Walimkuta Rebeca nyuma ya ofisi ya kijiji, katika chumba cha kufungia walevi siku za sikukuu. Mgambo aliyekuwa akimlinda alikuwa amekaa mbali na mlango kuliko ilivyohitajika.

"Ameanza tena," alisema kwa sauti ya chini, akifanya ishara ya msalaba. "Anasema marehemu anamwita. Wenzangu wamegoma kulinda hapa. Mimi nipo kwa sababu mke wangu amenifukuza."

Msichana alikuwa ameketi sakafuni, viganja masikioni. Alikuwa mdogo kuliko Herminia alivyotarajia, uso umemsawajika, midomo imepasuka kwa baridi. Visigino vyake vilikuwa vimebandikwa plasta, moja juu ya nyingine.

Herminia alivuta kigoda. Goti lake la kulia halikupenda vigoda, lakini hakutaka kumsimamia mtoto wa watu kichwani.

"Anakuita anasemaje?"

"Jina langu tu. Beka." Rebeca alishusha mikono. "Hakuna mwingine anayeniita hivyo."

"Sauti inatoka wapi?"

Msichana alimwangalia kwa mara ya kwanza. "Wote wananiuliza kama nimerukwa na akili. Hakuna aliyeniuliza inatoka wapi."

"Mimi nakuuliza."

"Nyuma ya ukuta. Nimelala, kichwa kinapasuka, siwezi kuinua hata mkono. Na yeye yuko nyuma ya ukuta ananiita. Sasa nikifumba macho tu, naisikia tena ileile."

"Ukuta gani?"

"Wa udongo. Unakwaruza shavu. Sijui ni wapi, dada, nimeshawaambia. Nakumbuka tumekula. Nakumbuka tumegombana. Halafu nakumbuka joto."

"Joto?"

"Tangu tupande milima hii sijawahi kupata joto, usiku ule nilipata. Mpaka nikamwambia Dalia, leo tumelala kama matajiri. Akacheka." Alijigusa shavu. "Kisha ni asubuhi, niko kwenye benchi la barazani, natapika, na mzee ananiambia tulikunywa pombe. Mimi sinywi."

"Mligombana juu ya nini?"

"Njia. Yeye alitaka tuendelee, mimi nilitaka kurudi. Dada, safari yetu ilikuwa ya kubana. Tulipanda nyuma ya malori ya kabichi. Tulilala kwenye varanda za makanisa, tulipika maharage kwenye kopo moja. Kuna mji tumepita watu wanakula samaki wa kukaanga, sisi tumekaa upande wa pili wa barabara tunanusa. Dalia yeye aliona raha. Alikuwa akisema anayelala bure ndiye anayefika mbali. Jumapili miguu ikanishinda. Nikamwambia asinifanye punda wake. Nilipiga kelele, ni kweli."

"Yeye akasemaje?"

"Akanibadilishia plasta."

Tacho, mlangoni, aliacha kutafuna.

"Viatu vyake," Herminia alisema. "Alikuwa akivifungaje?"

"Havikuwa vinafungwa. Kamba zilikatika tangu tuko Tehuacán, akaunganisha vipande, akawa anavivaa kama ndala, anakanyaga visigino. Nilimgombeza sana. Nilimwambia ipo siku ataanguka." Ndipo Rebeca aliposikia alichokisema, na machozi yakaanza kumtoka, kimya kimya, bila hata kuyafuta.

Nje, Tacho aliutia mfukoni mkate uliobaki.

"Joto," alisema. "Kwenye nyumba ile? Nimelala pale jana mkuu, nimeamka ndevu zimeganda."

"Ndiyo maana twende tukanywe kahawa," Herminia alisema.

Nyumba ya wageni ya Don Abundio ilikuwa ndefu, ya matofali ya udongo, vyumba vimepangana upande mmoja na jiko mwishoni. Baraza lilipita mbele ya vyumba vyote, na benchi la mbao lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa jiko. Herminia alisimama mbele ya benchi hilo, akapitisha kiganja ukutani. Udongo ulikwaruza. Akagonga kwa kidole. Upande wa pili, sufuria ikajibu.

Mke wa Don Abundio, Mama Zenaida, aliwakaribisha jikoni. Alikuwa mwanamke mnene, shungi jeusi begani, macho mekundu. Moshi wa meko ungeweza kuwa sababu, ila meko ilikuwa inawaka vizuri bila moshi. Kulikuwa na harufu ya ubani, ingawa siku ile haikuwa ya mtakatifu yeyote.

"Karibuni, wanangu. Kahawa ipo, chapati za mahindi zipo. Mtanisamehe, jiko limevurugika."

Jiko halikuwa limevurugika hata kidogo. Meko upande huu, meza upande ule, magunia ya mahindi ukutani, na katikati ya sakafu mkeka mpya umetandikwa, hauna hata punje juu yake. Mama Zenaida alileta vikombe. Akarudi kuchukua sukari, akarudi tena kuchukua chapati. Kila safari aliuzunguka ule mkeka, akijibana kati ya magunia na ukuta, mwanamke wa umbo lile, wakati hatua mbili za kukatiza zingemfikisha. Herminia alikunywa kahawa yake na kumtazama akienda na kurudi.

Don Abundio aliingia akipangusa mikono. Alikuwa mzee aliyenyooka, kofia safi, sauti ya mtu aliyezoea kuongoza misafara ya nyumbu kabla barabara haijafika. "Wapelelezi wetu. Mmelala salama?"

"Tumelala baridi," Tacho alisema.

"Mlima ndivyo ulivyo, kijana. Haubembelezi mtu."

"Wale wasichana walilala chumba gani?" Herminia aliuliza.

"Kile cha mwisho. Nimeshaandikisha."

"Kina joto?"

"Kama hicho mlicholala ninyi."

"Na temaskali yako? Nimeona kile kijumba cha kuogea mvuke kule nyuma."

Don Abundio alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. "Haijawashwa tangu sikukuu ya Agosti. Kuni zimekuwa ghali, na wageni wa mizigo hawana hela za mvuke."

Mama Zenaida alikuwa amegeukia meko, akipindua chapati ambayo tayari ilikuwa imeungua.

Herminia aliomba kuonyeshwa. Uani kulikuwa na mrundo wa kuni uliofungwa kwa kamba, tayari kubebwa. Tacho alipita akasimama ghafla, akatoa simu, akalinganisha picha na ule mzigo. Kamba mara mbili kwa chini, kitanzi juu, imebanwa kikiki. Alimtazama mkuu wake. Herminia alitikisa kichwa kidogo: bado.

Temaskali ilikuwa kijumba cha udongo kama tanuri kubwa, mlango wake mfupi wa kuingia kwa magoti, ukifunikwa na blanketi zito. Herminia aliingia kwa kutambaa, goti likimtukana. Ndani kulinukia udongo uliolowa. Sakafu ilikuwa imeoshwa, kuta zimepanguswa, na pembeni, pamoja na kuoshwa kote, kulibaki duara jeusi la ukubwa wa jiko la mkaa. Alimulika tochi juu, akamulika chini. Kisha akajilaza chali pale pale, kichwa karibu na mlango, akanyoosha miguu. Pumzi baridi kutoka chini ya blanketi ilimgusa paji la uso. Akajisogeza ndani kabisa, na ile pumzi haikumfikia tena.

Kwenye ufa wa benchi la udongo, usawa wa miguu, kulikuwa na plasta ya kisigino, imeshatumika, imejikunja. Aliichomoa kwa kibano na kuitia kwenye mfuko.

Alipotoka, alikaa juu ya jiwe ili goti lipoe.

"Don Abundio, mtu gani anapiga deki temaskali ambayo haijatumika tangu Agosti?"

"Mke wangu anapenda usafi."

"Hata buibui amewahamisha. Utando hakuna hata mmoja." Akainua ule mfuko. "Hii iliingiaje? Ilitembea? Ule mzigo wa kuni, fundo lake nimeliona kwenye miguu ya maiti. Msichana yule hakuwa anafunga viatu. Wewe ulimvalisha, ukamfunga kama unavyofunga mzigo wa nyumbu, kwa sababu mikono yako haijui fundo jingine. Nitasubiri maabara iniambie alivuta hewa ya mkaa, na itaniambia. Lakini ukinisubirisha, nitakumbuka kwamba ulinisubirisha."

Ukungu ulikuwa umeingia uani. Jogoo wa jirani aliwika, akanyamaza. Don Abundio alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni.

"Ni huruma iliyotuponza," alisema. "Wamekuja wanatetemeka. Zenaida akasema tusiwalaze chumbani watakufa kwa baridi, tuwalaze temaskali, tuwawekee makaa. Blanketi mlangoni ili joto lisitoke. Hatukuwatoza chochote. Asubuhi nakwenda, mmoja kapoa, mwenzake anapumua kwa shida. Huyu mzima nikamlaza barazani. Yule..." Akafungua mikono. "Alishakufa, dada. Angerudi? Mimi nina nyumba ya wageni. Mkutano wa kijiji ungenifungia mlango wangu. Usiku uliofuata nikampandisha nyumbu mpaka korongoni. Kosa langu ni woga."

"Na kusaini kwamba umeona mwenzake akimpeleka korongoni? Nao ni woga?"

"Walikuwa wamegombana. Watu walikuwa wameshasema. Mimi niliitikia tu."

Tacho alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Basi ni ajali," alimwambia Herminia pembeni. "Moshi wa mkaa. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni kaja kufa. Nikimbie sokoni niwazuie wale wa mahakama? Saa hizi wako njiani."

"Kimbia. Waambie Rebeca Islas hapandi gari lile."

Tacho alikimbia. Kilichobaki kilikuwa maandishi: Don Abundio angesaini maelezo, wakili wake angesema ajali na woga wa mzee, na angerudi nyumbani kabla mahindi hayajakomaa. Mzee alikuwa analijua hilo. Alikuwa ameshaanza kujinyoosha pale kwenye gogo, rangi imemrudi usoni. Herminia alimwona akijinyoosha na hakupendezwa.

"Umemkuta kapoa," alisema. "Humo ndani ya temaskali."

"Humo. Nakuapia."

Alimwambia atangulie jikoni. Aliingia tena kwenye kile kijumba, safari hii akiwa na kisu kidogo, akakwangua sakafu pembeni na katikati, kwenye nyufa zote. Udongo mwekundu mtupu. Hakukuwa na chembe nyeupe hata moja.

Herminia alikuwa amezaliwa mabonde mawili kutoka pale. Alikuwa ameona bibi yake akichekecha chokaa kwa kitambaa, kwa ajili ya babu, kwa ajili ya mtoto wa jirani, hata kwa ajili ya mchuuzi mmoja aliyeanguka mbele ya mlango wao na hakuna aliyejua jina lake. Mwanamke wa mlimani angeweza kusema uongo mbele ya padri. Angeweza kumficha mwanawe muuaji. Lakini hakuwa na uwezo wa kuiacha roho nyumbani kwake bila msalaba wa chokaa sakafuni, ili ijue njia na isizurure. Na msalaba ule haukuwekwa popote tu. Mtu akifia shambani, waliuchora shambani.

Jikoni, mume na mke walikuwa wamekaa mbalimbali. Mama Zenaida alikuwa ameshika tasbihi.

"Mama," Herminia alisema, "msalaba wake uko wapi?"

Don Abundio alicheka kidogo. "Msalaba gani tena? Si umeshapata ulichokitaka?"

"Sikukuuliza wewe. Mama Zenaida, binti wa watu amefia kwako. Hukumwekea msalaba?"

Macho ya Mama Zenaida hayakwenda uani, kwenye temaskali. Yalikwenda chini, katikati ya sakafu, yakabaki huko.

Herminia aliinama, akashika pembe ya mkeka, akaukunja taratibu. Chini yake chokaa ilikuwa nyeupe kama unga, imepangwa kwa kidole, urefu wa mtu mfupi, na kila ncha ua jeupe lililonyauka. Nyuma ya gunia lililokuwa upande wa kichwa cha msalaba kulikuwa na glasi ya maji. Maji yalikuwa masafi, ya asubuhi hiyo hiyo.

"Alifia temaskali," Herminia alisema, "na msalaba uko jikoni."

"Wanawake na mambo yao," Don Abundio alisema. "Hapa pana nafasi, ndiyo maana. Utauchora wapi mle?"

"Hauchorwi penye nafasi. Unachorwa roho ilipotokea. Wewe unalijua, mimi nalijua, na mkeo analijua kuliko sote. Mlimtoa mle akiwa hai. Mkamlaza hapa, chali, karibu na moto. Alikaa hapa muda gani?"

"Zenaida, nyamaza."

"Nimenyamaza tangu Jumapili," Mama Zenaida alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililotisha. "Nimechoka kumzunguka, Abundio. Kila nikienda kuchukua chumvi namzunguka."

Mzee alisimama. Herminia hakusogea; aliweka tu mkono mezani, kati yake na mlango, akamwangalia mpaka akakaa.

"Ilikuwa bado giza," Mama Zenaida aliendelea. "Nilishtuka usingizini, nikakumbuka makaa. Tukakimbia. Aliyekuwa mlangoni tukamweka barazani, hewa ikamzindua. Huyu tukamleta kwenye joto. Alikuwa anapumua. Alifungua macho akaniangalia, akaomba maji, nikampa kijiko. Nikasema namfuata nesi. Zahanati hii hapa, dada, nyuma ya kanisa, ungetupa jiwe lingefika. Shungi nilikuwa nimeshajitanda." Aligusa lile lililokuwa begani. "Akaniambia ngoja. Nesi akija, kijiji kizima kimekuja. Ngoja, atapata nafuu, hakuna atakayejua. Nikangoja. Nimeolewa naye nikiwa msichana, nimemngoja maisha yangu yote, nikangoja na hapo."

"Alisema chochote?"

"Alikuwa anaita. Beka, Beka. Hakuwa na nguvu, lakini anaita. Mwenzake yupo hapo, nyuma ya ukuta huu, anaguna tu kama mtu anayeota. Nilitaka kumwambia, yupo, usiogope. Sikumwambia. Sijui kwa nini sikumwambia. Kengele ya misa ilipogonga hakuita tena."

Meko ilirusha cheche. Don Abundio alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, na sasa hakuwa amenyooka.

"Ningejuaje kwamba hatapona?" alisema.

"Hukutaka kujua," Herminia alisema. Alikuwa na hasira, na hakuificha. Alitoa kalamu, akafuta neno *ajali* alilokuwa ameshaliandika, akaanza upya.

Tacho aliporudi walimaliza taratibu. Alipiga picha msalaba kutoka kila pembe, akapima umbali wa benchi hadi ukuta na wa ukuta hadi mkeka, akachukua chokaa kidogo kwenye mfuko na kuandika tarehe. Mzee alipandishwa kwenye gari lile lile la mahakama lililokuwa limemfuata Rebeca. Watu waliokuja kumwona msichana muuaji walimwona mzee wao, wakafungua njia.

Mama Zenaida ndiye aliyesimama mlangoni mwa gari la pili akagoma kupanda.

"Msalaba haujainuliwa," alimwambia Herminia. "Siku zake tisa hazijatimia, na hata zikitimia, siwezi kuuinua mimi. Anainua mtu wake. Usipoinuliwa, binti atabaki hapa na sisi hatupo. Atabaki peke yake."

"Panda, mama."

"Nifunge unavyotaka. Lakini mwambie."

Herminia alikwenda mwenyewe kumfungulia Rebeca. Alimwambia kila kitu, akiwa amesimama, bila kupunguza, maana mahakamani yote yangesomwa kwa sauti na asingependa ayasikie kwanza huko. Alimwambia kuhusu makaa na kuhusu kijiko cha maji. Alipofika kwenye kuita, Rebeca aliinama akaweka paji la uso magotini.

"Uko huru," Herminia alisema. "Tacho atakupeleka mpaka Puebla. Kuhusu ule msalaba, si lazima. Ni desturi ya huku, na siku zake bado. Wengine wanaweza kuja baadaye."

"Unainuliwaje?"

"Unakusanya chokaa yote kwa mikono. Unamwita jina lake, umwambie asikae hapa tena."

Rebeca aliinuka, akavaa viatu juu ya plasta. "Simwachi kwa watu hawa hata siku moja," alisema.

Jikoni moto ulikuwa umekufa. Rebeca alipiga magoti sakafuni akaanza kutoka miguuni mwa msalaba, akikwangua chokaa kwa pande za viganja, akiijaza kwenye kopo lao la kupikia maharage. Hakuharakisha. Tacho alivua kofia. Herminia alisimama ukutani, goti likimuuma, na hakutafuta kigoda. Ilipobaki sehemu ya kichwa, msichana aliichota yote kwa mara moja, akafuta sakafu kwa mkono mpaka ikabaki udongo.

"Dalia," alisema. Hakuwa analia. Aliongea kama watu wanavyoongea asubuhi kwenye nyumba ya wageni, wakati mmoja ameshajiandaa na mwingine bado yuko kitandani. "Dalia, amka. Tunaondoka."

Alisubiri. Alisubiri kadiri mtu anavyomsubiri mwenzake akusanye vitu vyake, afunge mzigo, aangalie kama hakusahau kitu. Kisha akabeba kopo, akaenda mpaka mlangoni, na hapo akasogea pembeni kidogo, akaacha nafasi ya mtu kupita, ndipo naye akatoka.